Alipenda miti, na alikuwa wakili wake

Kwenye mazishi ya baba mdogo, kila aliyeshika kipaza sauti alisema jambo lile lile: marehemu alipenda miti. Ni kweli. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo wetu alipandiwa mti, na ole wako uuache ukauke. Lakini miaka yake yote ya kazi alikuwa wakili wa mazingira, na hilo lilitajwa kwa pumzi moja tu, kama vile ni anwani yake ya posta. Limeniuma.

Wapenda miti ni wengi. Wanaokubali kuisimamia kortini wanahesabika.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ikatupwa kwa kuwa hakuonyesha yeye binafsi ameumia kuliko mwananchi mwingine. Baba mdogo aliisimulia kesi hiyo kwa hasira mpaka uzeeni. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Mlango huo haukujifungua. Walikuwapo watu walioupigania, wakiwemo mawakili wa kesi zisizolipa, na sisi tuliishi na mmoja wao.

Kazi alikuja nayo nyumbani. Sahani za jioni zikishaondolewa, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayopima madhara ya mradi kabla haujaidhinishwa, inafunguliwa mezani, nasi watoto tunapokezana kumsomea. Hakuanza na ramani. Alikwenda nyuma kabisa, kwenye orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi. Usiku mmoja alitusogezea orodha hiyo akauliza tunaona nini. Kitinda mimba wake ndiye aliyegundua: majina kibao, mwandiko mmoja. Alimbeba mabegani akamzungusha sebule nzima!

Ndiyo maana Juni 2019, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilipofutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hakuna aliyehitaji kutueleza uzito wa uamuzi ule. Tulikuwa tumefundishwa mezani.

Nakubali, shingo upande, kwamba korti huchosha. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi, walishinda Julai 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha wakaburutwa kwenye rufaa hadi Mahakama ya Upeo mwishoni mwa 2024. Kuna waliozikwa wakisubiri. Lakini bila kesi hiyo wangekuwa na nini mkononi?

Sasa nasikia jamaa wanataka mafaili yake yachomwe ili chumba kipangishwe. Nasema hapana. Yapelekwe kwa wanafunzi wa sheria, na yale aliyoyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu wayasome kwanza.