Huyu anaongea na nani?

Mama mdogo wangu haangalii filamu za Kizungu. Anadai watu wake hawali, wanasogezasogeza tu chakula kwenye sahani. Lakini Jumamosi wajukuu walilala mapema na umeme haukukatika, nikamshika: tuangalie Persuasion ya Netflix, ile ya 2022 iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, ambayo nimeikwepa siku zote hizi kwa sababu nilishaonywa. Nikamwambia ni habari ya binti aliyezuiwa kuolewa na baharia. Akavuta mto, akakaa.

Hata dakika kumi hazikufika. "Huyu anaongea na nani?"

Na sisi, mama. Anne Elliot, mtu ambaye Jane Austen alimjenga kwa kunyamaza tu, anageuka na kuitazama kamera, anatukonyeza, anatuchambulia baba yake na dada zake mmoja mmoja, kisha anatueleza moyo wake unavyouma. Mwanzo hadi mwisho. Anakunywa mvinyo kwa mdomo wa chupa. Analia ndani ya bafu. Anamkumbatia sungura. (Sungura! Kitabu nimekisoma mara nne, sijawahi kukutana na sungura.) Hata mmbea wa bombani hushusha sauti mwenye habari zake akipita.

Mliosoma mnajua kwa nini damu imenichemka. Anne ana miaka 27. Miaka minane nyuma alimkataa Wentworth, yule baharia, kwa sababu Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, alimshauri hivyo, kijana hana mali wala jina, na tangu siku ile hana wa kumwambia. Mama amekufa. Baba yuko kwenye kioo. Dada mkubwa hamwoni, na mdogo wake Mary anaumwa kila siku mpaka chakula kiletwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nyumba ile ya Kellynch hata kata haina. Sisi wasomaji tunaijua siri kwa sababu Austen katuachia mlango wazi kidogo tukachungulia. Anne hakutuita barazani.

Chukua habari ya Charles Musgrove. Kitabuni, Charles alimposa Anne kwanza, akakataliwa, ndipo akamwoa mdogo wake. Wentworth analipataje hilo? Wamekwenda matembezi, Anne kachoka, kakaa chini nyuma ya ua wa miti. Upande wa pili wanapita Wentworth na Louisa, dada wa Charles, hawamwoni. Louisa ndiye anayetoboa: Charles alimtaka Anne, Anne hakutaka, na nyumbani wanaamini Lady Russell ndiye aliyemshawishi. Kimya. Halafu Wentworth anauliza: yaani alimkataa? Ilikuwa lini? Maswali hayo tu. Na mwanamke aliyejibanza nyuma ya majani anabaki na maswali yale mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, hajui amrudishie nani.

Kwenye filamu, Anne anawatangazia watu mezani, wanakula, kwamba shemeji yake alitaka kumwoa yeye kwanza. Mbele ya dada yake. Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

Halafu kuna sentensi ambayo wapenzi wa kitabu hiki wengi wanaijua kwa moyo. Kwa tafsiri yangu ya haraka: sasa wamekuwa watu baki, bali zaidi ya watu baki, kwa kuwa hawakuweza tena kujuana. Kiswahili kinaipokea sentensi hii kama mgeni aliyetarajiwa. Mtu baki! Yule uliyekuwa ukijua anavyopiga chafya, leo mnapeana shikamoo ya njiani. Filamu ikaona hii ni nzito kwa vijana, ikatupa nyingine: sasa sisi ni wabaya kuliko wapenzi walioachana, sasa ni marafiki. Waandishi wa filamu walikuwa wawili, Ron Bass na Alice Victoria Winslow. Yaani walikaa, mmoja akasema hiyo, mwingine akasema naam.

Nisimulie kitu, na mwenyewe kaniruhusu. Mama mdogo naye alikuwa na baharia wake. Kijana wa Pemba, kazi yake majahazini. Wazee wakasema baharia kila bandari ni kwao, wakamwoza kwa mwalimu, mtu mwema sana, Mungu amrehemu. Miaka ishirini baadaye kwenye arusi ya binamu yangu hapa Tanga yule bwana akaja, kichwa cheupe, akaingia uani kuwasalimia wazee. Mimi nilikuwa na birika la kunawisha mikono. Mama mdogo akapakua pilau, akafika, na kabla ya kuiweka sahani mezani akaizungusha taratibu mpaka upande wenye nyama ukamwelekea yule bwana. Akasema, "Ndimu ile pale." Akaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, hakuna aliyenieleza kitu, nikajua kila kitu.

Sasa mgeuze pale mama mdogo aitazame kamera aseme, "Jamani, huyu ndiye niliyempenda." Nini kinabaki? Pilau.

Wala sisemi kitabu kisiguswe. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1969, mfanyabiashara mmoja wa Venice aligeuka kuwa mabepari, tena wengi, na hakuna haja ya kuuliza sababu; ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Aligusa, lakini alikuwa na la kusema. Filamu hii inagusa kwa sababu inaogopa tusije tukachoka.

Haya, haki ya mtu haipotei. Richard E. Grant kamweza Sir Walter, baba yake Anne, nilicheka. Mia McKenna-Bruce ni Mary hasa, na laiti wangemwacha bila yale maneno ya mitandaoni. Waliochukia kwamba Lady Russell ni Nikki Amuka-Bird, kwa sababu ya rangi yake, wapishe. Ni katika wachache waliokumbuka kwamba macho nayo huigiza. Muongozaji, Carrie Cracknell, katokea jukwaani na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza, basi tusimwandame sana. Dakota Johnson, Anne wa filamu hii, simlaumu. Alipewa kamera, aongee na nani?

Ila mtafute ile ya BBC ya 1995, ya Roger Michell. Anne wa humo, Amanda Root, anafanya kwa kope tu.

Na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba Austen mwenyewe alihangaika na jambo hili hili. Julai 1816 alikuwa amekwisha kuandika mwisho: Anne na Wentworth wanapatana nyumbani kwa Admirali Croft, shemeji yake Wentworth, wanaulizana uso kwa uso, yamekwisha. Hakuridhika. Afya yake ilikuwa inaanza kuharibika, mwaka mmoja baadaye angekufa akiwa na miaka 41, lakini alirudi akaandika upya. Ndipo tukapata Anne amesimama dirishani na Kapteni Harville, rafiki yake Wentworth, wanabishana nani huendelea kupenda tumaini likishakwisha, mwanamume au mwanamke, na Wentworth yuko mezani anaandika barua. Kalamu inamdondoka. Kwetu huku mwanamke angevaa kanga yenye maneno akapita mara mbili. Anne hana kanga, na hata fumbo hakukusudia, lakini maneno yamefika kwa mwenyewe. Huyo ni mwandishi aliyekataa mwisho wake mwenyewe ili mtu wake aweze kusema bila kusema!

Barua imo kwenye filamu, nakiri. Nusu yangu uchungu, nusu tumaini. Nikaisubiri koo likabe. Koo halikukaba. Yule binti alikuwa ameshatumwagia kila kitu saa nzima nyuma, barua ikaja kama risiti.

Mama mdogo aliondoka kabla ya barua, akasema anakwenda kuswali. Jumapili nilimkuta jikoni juu ya mbuzi anakuna nazi, nikaona hapana, siwezi kuacha aondoke duniani akidhani hicho ndicho kitabu. Nikamsimulia ile ya mtoto. Anne kapiga magoti anamuuguza mpwa wake, mdogo wa mgonjwa anamrukia mgongoni, anamng'ang'ania shingo, ameambiwa ashuke hataki. Wentworth yumo chumbani, na hata salamu yao ni ya kulazimishwa. Ghafla Anne anahisi mzigo umeondoka. Mikono ya mtoto inafunguliwa shingoni mwake, mtoto anabebwa, na ameshaondolewa kabla Anne hajajua kwamba ni Wentworth.

Nazi ikasimama.

"Akamwambia ahsante?"

"Hakuweza kusema."

"Angewezaje," akasema, akaendelea kukuna.