Kabla ya kupokea mapipa ya rangi tatu

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kuna shule inayopewa mapipa ya kutenganisha taka. La kijani, la bluu, la njano. Mgeni rasmi anatupa chupa moja, anapigwa picha, watu wanapiga makofi. Rudi muhula unaofuata: yote matatu yamejaa mchanganyiko uleule, na jioni wanafunzi wa zamu wanayamwaga kwenye shimo moja nyuma ya vyoo na kulipiga kiberiti.

Halafu tunasema watoto hawana nidhamu. Mtoto aliyeona chupa aliyoitenga ikiungua pamoja na maganda ya ndizi atatenga tena ili iweje? Mkuu wa shule ndiye wa kuulizwa: nani anakuja kuchukua kilichomo, na siku gani? Kama hajui, pipa la zamani linatosha.

Wanunuzi wapo. Chupa za maji na soda zinapimwa kwa kilo, muulize muokota chupa yeyote mtaani. Maboksi na karatasi vilevile (mitihani ya mock, kama tujuavyo, huishia kufungia karanga). Ila pakiti za biskuti na krispi, zile zinazong'aa kwa ndani, hakuna anayezitaka, kwa sababu zina matabaka yaliyogandana ambayo ni kazi kuyatenganisha. Hizo dawa yake ni kutoziruhusu dukani kwa shule.

Na getini je? Tanzania Bara mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019. Lakini pita saa nne, wakati wa mapumziko, uone barafu za ubuyu, kashata na embe la pilipili vinavyouzwa kwenye vifuko laini vya nailoni. Mtoto anang'ata kona, ananyonya, anakitupa palepale. Mvua ya kwanza tu, mtaro umeziba. Kumfukuza mama muuza barafu siyo jibu, ana watoto wa kulisha. Akae na uongozi wakubaliane: vikombe vya kurudisha, karanga kwenye karatasi.

Penye uzito hasa ni jikoni, na ndiko wafadhili wasikotazama. Shule ya bweni hutoa ukoko wa ugali, maharage yaliyobaki na maganda kwa ndoo, kila siku. Hivyo vikiwekwa mbali, taka zilizobaki ni kavu, hazinuki, zinauzika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu taka inaanzia hapohapo: zinazooza kando, zisizooza kando. Mabaki mfugaji atayafuata mwenyewe. Maganda yachanganywe na majani makavu na samadi, yageuzwe mara kwa mara, na baada ya miezi michache bustani ya mchicha ina mboji.

Hela ya chupa nayo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kilo ngapi, shilingi ngapi, imenunua nini. Klabu za mazingira ninazozijua hazikufa kwa uvivu wa wanafunzi. Waliuza chupa, fedha ikaingia ofisini, wakaambiwa wasubiri.