Mchezaji kafungiwa msimu mzima, na aliyerusha glasi je?

Ile klipu ya zamani ya wachezaji wa Indiana Pacers wakizichapa na mashabiki wa Detroit Pistons, timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp, na kijiweni kwetu hapa Kaloleni, Arusha, imeleta ubishi mpaka muuza kahawa kalalamika watu wanaongea hawanunui. Machalii wengine wanasema wale wachezaji walionewa mchana kweupe kwa adhabu waliyopewa. Wengine wanasema walipendelewa, angefanya hivyo dereva wa bajaji pale stendi angelala gereza la Kisongo. Mimi niko katikati lakini sio katikati ya kukwepa, nina sababu zangu.

Kwa ambao hawajui kilichotokea. Tarehe 19 Novemba 2004, Pacers wako ugenini kwenye ukumbi wa Palace of Auburn Hills kule Michigan, wanaongoza 97 kwa 82 na zimebaki sekunde 45.9, yaani mechi imeshakufa watu wanasubiri filimbi tu. Ron Artest wa Pacers akamchezea Ben Wallace wa Pistons faulo ngumu isiyo na kazi yoyote. Wallace akageuka akamsukuma kwa mikono miwili, timu zikavaana, kusukumana na kushikana jezi kama kawaida. Artest akajitoa pale, akaenda kulala chali juu ya meza ya waamuzi wa mezani na hedifoni za watangazaji akavaa kabisa. Vurugu zilikuwa zinaelekea kuisha. Hapo ndipo glasi ya plastiki yenye kinywaji ikatoka majukwaani ikamtua kifuani.

Jamaa akainuka kama kachomwa sindano, akapanda majukwaani, akamkamata mtu. Na mtu mwenyewe siye aliyerusha! Mwenzake Stephen Jackson akamfuata nyuma huku anarusha ngumi kwa mashabiki, mashabiki wengine wakashuka uwanjani, Jermaine O'Neal, naye wa Pacers, akamshindilia mmoja ngumi huku anateleza, na kiti kizima kikarushwa hewani. Wachezaji wakatoka wanamwagiwa bia na bisi vichwani. Watazamaji 9 waliumia, 2 wakapelekwa hospitali, na zile sekunde 45.9 hazikuchezwa.

Siku mbili baadaye kamishna wa NBA wakati huo, David Stern, akashusha rungu. Artest nje msimu wote uliobaki, ikatoka jumla ya mechi 86 ukiweka na za mtoano, akapoteza mshahara wa karibu dola milioni 5. Jackson mechi 30, O'Neal 25, Wallace 6, Anthony Johnson 5, na wengine wanne mechi moja moja akiwemo mkongwe Reggie Miller. Wote kwa pamoja ni wachezaji 9 na mshahara wa kama dola milioni 11 ulioyeyuka.

Sasa tuanze na wanaosema walionewa, maana hawa wana hoja kuliko watu wanavyodhani. Wewe uko Soko la Kilombero unachagua nyanya, mtu usiyemjua anakumwagia soda kifuani halafu watu wanacheka, kuna mtu hapa Arusha ataenda kuandika barua kwa uongozi wa soko? Artest alikuwa amelala. Kwenye lile tukio la glasi yeye ndiye aliyeshambuliwa, na mtu aliyemshambulia alilipa kiingilio akaamini kile kiingilio kimemnunulia na ruhusa ya kudhalilisha watu. Halafu Jackson kila akiulizwa anasema alimfuata mwenzake, na kwetu huku mtu anayemwacha mwenzake azingirwe na watu yeye akabaki anaangalia, huyo hata chai hanyweshwi tena.

Kuna na suala la picha ya ligi. NBA ya miaka ile ilikuwa na hofu kwamba matajiri wanaonunua viti vya mbele na kampuni za matangazo wanawaona wachezaji kama wahuni, vijana weusi wenye mikufu na suruali pana. Ukiangalia kilichofuata unaona, Oktoba 2005 ligi ikaleta sheria ya mavazi, mchezaji akija kazini hakuna mikufu juu ya nguo, hakuna jezi za mitaani. Nguo inahusiana nini na glasi ya kinywaji? Kwa hiyo ukisema sehemu ya ile adhabu ilikuwa ya kuwatuliza wenye hela mimi sikubishii. Stern mwenyewe alipoulizwa uamuzi ulifikiwaje akajibu kwa utani kwamba kura ilikuwa ya pamoja, moja kwa sifuri. Mshitaki, hakimu na mpiga kura mtu mmoja.

Lakini. Na hii lakini ni kubwa.

Yule mtu aliyekamatwa na Artest hakufanya kitu. Alikuwa kakaa, kalipa, anaangalia mpira. Ghafla jitu la mita 2 na kilo zaidi ya 100 limemshika linamtikisa, anaulizwa jambo ambalo halijui. Kwangu mimi hoja zote za kumtetea Artest zinafika hapo zinakwama, maana hata ukikubali alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nakubali, hasira yake haikuwa na macho. Majukwaani kuna watoto, kuna wazee, kuna dada aliyeletwa na mchumba wake hata sheria za kikapu hajui. Mchezaji akipanda pale hawezi kuchagua, na wanaomfuata nyuma ndio kabisa hawajui nani kafanya nini, wanapiga anayekuja mbele.

Na adhabu za nyuma za kumpiga shabiki zilikuwa laini mno. Mwaka 1995 Vernon Maxwell wa Houston Rockets alipanda majukwaani kule Portland akampiga shabiki ngumi, akapewa mechi 10 na faini ya dola 20,000, basi. Wakati Latrell Sprewell aliyemkaba koo kocha wake mwaka 1997 alikaa nje mechi 68. Ujumbe uliokuwepo ni kwamba koo la kocha lina thamani kuliko uso wa mtu aliyenunua tiketi. Kwa hiyo Stern ilibidi achore mstari, na mstari ukichorwa kwa mechi 10 nyingine usingeonekana.

Sasa hapa kwenye huo mstari ndio watu wanachanganya mambo, wanawaweka wote kapu moja. Artest na Jackson walivuka kwenda kwa mashabiki. O'Neal hakuvuka, ni shabiki ndiye aliyevuka akaingia uwanjani, sehemu ya kazi ya O'Neal. Chama cha wachezaji kilipokata rufaa msuluhishi akaona tofauti kati ya hawa watu, akamshusha O'Neal kutoka mechi 25 hadi 15 akaacha za Artest na Jackson kama zilivyo. NBA haikukubali, ikadai msuluhishi hana mamlaka hayo, ikaenda mpaka mahakama ya shirikisho New York na jaji akamuunga mkono msuluhishi. O'Neal akarudi uwanjani siku ya Krismasi, na walicheza na nani? Pistons haohao. Mimi naona hata zile 15 zilikuwa nyingi kidogo, ila sitampigania sana maana ile ngumi ilikuwa ya kukimbilia, haikuwa ya kujikinga.

Tuje kwa mashabiki sasa, na hapa ndio kuna kitu ambacho kijiweni hakikusemwa kabisa mpaka nikakisema mimi wakaniangalia kama nimetunga. Mwendesha mashitaka aliwafungulia kesi za shambulio wachezaji 5 na mashabiki 5. Wachezaji wakatoka na mwaka mmoja wa uangalizi wa mahakama bila jela, saa za kazi za jamii na faini ya dola 250, ambayo kwa mishahara yao ni hela ya vocha. Aliyerusha glasi akapata siku 30 jela na miaka 2 ya uangalizi. Aliyerusha kiti miaka 2 ya uangalizi na kulipa dola 6,000. Pistons nao wakampiga marufuku yule wa glasi kukanyaga mechi zao za nyumbani. Yaani ligi iliwaumiza wachezaji, mahakama ikaumiza zaidi mashabiki. Kwa hiyo anayesema mashabiki waliachwa hivihivi hajafuatilia.

Ila subiri. Zile siku 30 hazikuwa za glasi. Zilikuwa za ngumi aliyompiga Artest baadaye kule juu kwenye vurugu. Shitaka la kurusha glasi mahakama ilimwachia! Kitendo kilichowasha moto wote, kilichoonekana kwenye TV na dunia nzima, kisheria kikaishia hewani. Na kesi zenyewe zilichukua muda, Stern alitumia siku mbili kwa wachezaji wakati hukumu za mashabiki zilifika mpaka mwaka 2006. Sasa mchezaji akiangalia hilo anajifunza nini? Kwamba akikosea yeye jibu ni keshokutwa, akikosewa yeye asubiri.

Huwezi kumwambia mtu usijibu, halafu humwonyeshi kwamba kuna mwingine atajibu kwa niaba yake. Kumfungia mchezaji kunafanya kazi pale tu anapojua aliyemrushia kitu atatolewa dakika hiyo hiyo. NBA wenyewe nadhani walikuja kulielewa. Fainali za 2019 mmiliki mmoja mwenye hisa kwenye Golden State Warriors, Mark Stevens, alimsukuma Kyle Lowry wa Toronto aliyeangukia viti vya mbele akifuata mpira. Lowry hakurudisha, akamwonyesha kwa refa. Stevens akapigwa mwaka mzima nje na faini ya dola 500,000, na huyo ni bosi wa timu sio mlevi wa juu kule. Mei 2021 shabiki wa Philadelphia akamwagia Russell Westbrook bisi wakati anatoka ameumia, akafungiwa ukumbi ule bila tarehe ya kurudi. Siku chache baadaye kijana akamrushia Kyrie Irving chupa kule Boston, akatolewa na pingu. Westbrook alikuwa anazuiwa na watu siku ile, alichemka kweli, lakini hakupanda juu. Sitasema ni kwa sababu ya Artest peke yake, ila mechi 86 kila mchezaji anazijua, na sasa anajua pia kwamba yule wa juu naye hatoki salama.

Kingine kilichosaidia hakina kelele kwa hiyo hakikumbukwi. Februari 2005 NBA ilibana pombe, mtu mmoja asiuziwe zaidi ya vinywaji viwili kwa mkupuo, glasi kubwa kupita kiasi zikaondolewa, na robo ya tatu ikiisha hakuna tena kuuza. Mangi yeyote mwenye baa Moshi angekwambia hilo bila kamati, saa ya kufunga ndio saa ya ngumi.

Na sisi je? Sisi tunapenda adhabu ya jumla kwa sababu ni rahisi. Desemba 2024 Simba walicheza na CS Sfaxien ya Tunisia pale Benjamin Mkapa, vurugu zikatokea mwishoni, viti viking'olewa na kurushwa. CAF, shirikisho la soka Afrika, ikawaadhibu Simba, na Januari 2025 mechi na CS Constantine ikachezwa uwanja mtupu. Kuna watu wa tawi hapa Arusha walikuwa tayari wanachangishana hela za Coaster ya kwenda Dar, hawajawahi kung'oa hata msumari, wakaishia kuangalia kwenye banda umiza. Aliyerusha kiti naye akaangalia kwenye banda umiza, hapo hapo karibu na wewe pengine, akishangilia goli. Adhabu yake na yako ni moja.

Upande wa pili wapo wanaosema bila kuiumiza klabu klabu haitajisumbua kuweka walinzi, na hilo ni kweli, hela ndiyo lugha viongozi wanaisikia. Basi klabu itozwe hela. Kufunga geti kwa watu wote ni kukiri kwamba hujui nani kafanya, na hujui kwa sababu pale mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, kila mtu anakaa anapotaka, namba ya kiti ni pambo. Auburn Hills waliweza kuwapata watu kwa kurudia mkanda wa TV na kuhesabu viti, mwendesha mashitaka akaomba na wananchi wamtambue aliyerusha kiti.

Mechi za kikapu za mtaani hapa kwetu hata mstari wenyewe haupo. Watazamaji wanasimama juu ya chokaa, mchezaji akirusha mpira wa pembeni inabidi awaombe wasogee, na wanaomtukana anawasikia mpaka pumzi. Refa akimaliza anapanda bodaboda hapo hapo katikati ya waliokuwa wanamuita mwizi. Mechi za namna hiyo nyingi zinaisha salama kwa sababu watu wanajuana, ukimtukana mtu kesho unakutana naye kwa mangi. Lakini Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na watu 30,000 hawajuani. Wanaotaka tuwe wakali na wachezaji wakijibu mashabiki, sawa, mimi nawaunga mkono, mechi nyingi tu wapewe. Ila waniambie kwanza nani atakuwa amesimama kwenye ngazi za jukwaa siku hiyo, ana redio, anajua kiti namba fulani kakaa nani, na ana ruhusa ya kumtoa mtu nje hata kama huyo mtu kaja na mheshimiwa.