Betri ya foklifti na mbolea ya West

Machi mosi ya kila mwaka ndiyo siku ya mwisho kwa kampuni za Marekani zenye kemikali za hatari kuwasilisha fomu ya Tier II: kemikali gani, kiasi gani, imewekwa wapi. Inapelekwa jimboni, kwa kamati ya dharura ya eneo na kwa zimamoto. Sheria inayodai fomu hiyo ni ya 1986, baada ya gesi ya Bhopal, India, kuua maelfu ya watu usiku mmoja wa Desemba 1984.

Wenye biashara wanalalamika, na si bure. Chukua ghala lisilouza kemikali hata tone. Lina foklifti za umeme, na betri zake zina asidi ya salfa, ambayo sheria inaihesabu kuwa "hatari mno". Ikifika ratili 500, kama kilo 227, lazima iripotiwe. Betri chache tu zinatosha kukufikisha hapo.

Sasa njoo West, mji mdogo wa Texas. Tarehe 17 Aprili 2013 ghala la mbolea lilishika moto, likalipuka. Walikufa watu 15, wengi wao wakiwa wamekwenda kuuzima huo moto. Kilicholipuka ni mbolea ya amonia nitrati, na hiyo haimo kwenye orodha ya "hatari mno"! Kiwango chake cha kuripotiwa ni ratili 10,000, tani nne na nusu, na mbolea inayouzwa rejareja kwa mkulima imesamehewa. Hata hivyo kampuni yenye ghala ilikuwa imeripoti takriban tani 245. Fomu ilijazwa, lakini wachunguzi wa serikali ya shirikisho walikuta wazimamoto hawakufundishwa vya kutosha jinsi mbolea ile inavyolipuka.

Wapo wanaosema basi ni makaratasi tu. Sikubaliani nao, kasoro iko kwenye orodha, na kwa wanaopokea fomu bila kuifanyia kazi.

Kuna na suala la siri. Mwaka 2014 Greg Abbott, wakati huo mwanasheria mkuu wa Texas, aliamua jimbo linaweza kuwanyima wananchi taarifa hizo kwa kuhofia magaidi. Hofu ina msingi: Oklahoma City, 1995, bomu la mbolea hiyo hiyo liliua watu 168. Ila gaidi hahitaji fomu kuliona ghala la mbolea. Anayeihitaji ni mtu kama yule aliyempeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee ya West, jirani na ghala lile.

Ningepewa kalamu, betri ningezipunguzia masharti, na amonia nitrati ningeiandika juu kabisa ya orodha.