Hirizi Hulishwa Wiski, Hailishwi Mshahara Wako

Waamerika Weusi wa majimbo ya kusini wana uganga uitwao Hoodoo, na ndani yake vumbi la kurogea wanaloliita goofer, na wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na Kikongo kufwa. Mswahili hahitaji kamusi: ni kufa. Nganga wa Kongo naye ni mganga wetu. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Mombasa anayedhani Hoodoo ni mambo ya sinema, au anayeichanganya na Vodou ya Haiti, ajue kwamba anazungumziwa ndugu wa mbali. Vodou ni dini yenye makuhani. Hoodoo ni uganga wa mizizi, mitishamba, mishumaa, udongo wa makaburini na Zaburi. Waliouanzisha ni watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wakaujazia maarifa ya mimea ya wenyeji wa Amerika na Biblia waliyohubiriwa na mabwana zao.

Asili hiyo ndiyo kipimo changu cha kwanza cha kumtenga mganga na tapeli. Uganga uliozaliwa na watu waliomilikiwa hauwezi kuwa chombo cha kummiliki mteja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mwandishi na mpiganaji dhidi ya utumwa. Mwaka 1834, huko Maryland, akiwa kijana mtumwa aliyekodishwa kwa Edward Covey ili "avunjwe" kwa kipigo, alikutana na mtumwa mwenzake, Sandy Jenkins. Sandy alimpa mzizi na kumwambia auweke upande wa kulia wa mwili wake, hakuna mzungu atakayeweza kumchapa. Douglass hakuamini sana, lakini aliubeba. Covey alipomvamia, Douglass alimkaba, wakapigana karibu saa mbili, na Covey hakumchapa tena. Unaweza kubishana usiku kucha kama ni mzizi au ni mikono. Mimi naangalia kingine: Sandy hakudai senti, hakusema "rudi kesho, mzizi umekataa", hakumtisha kwamba akiuacha atakufa. Alimpa kinga, akamwacha aende akapambane mwenyewe.

Sasa mlinganishe na yule anayekutumia ujumbe usiku: "Nimeagizwa na wazee wako. Umefungwa. Usimwambie mtu."

Sentensi tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inakunyang'anya wazee wako. Katika Hoodoo mizimu ya ukoo ni ya ukoo; glasi ya maji safi na mshumaa mweupe mezani vinatosha kuanza mazungumzo nao, na hakuna anayehitaji karani. Ya pili inakutia hofu kabla hujauliza lolote. Mganga wa kweli hutanguliza ramli, na ramli yenye heshima huweza kusema "hujarogwa, una deni tu na usingizi mchache". Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Kuficha hirizi yako ni desturi, kwa sababu ikishikwa na mwingine inasemekana hupoteza nguvu. Kumficha mganga kwa mumeo, mama yako au daktari si desturi ya popote. Hapo unatengwa ili asiwepo wa kukuuliza "umelipa ngapi mpaka sasa?"

Ukiwa mtandaoni, angalia pia jina la akaunti herufi kwa herufi. Matapeli huiba picha za waganga wanaojulikana na kuongeza kistari au herufi moja. Mganga mwenye wateja hana muda wa kumkimbiza mtu asiyemwita.

Sisemi kwamba anayedai malipo ni tapeli. Hata udongo wa kaburi hulipiwa: huachwa sarafu au tone la wiski pale ulipochukuliwa. Lakini malipo yana mwisho. Ramli ina bei yake na kazi ina bei yake, zote zikitajwa kabla. Ngazi ya tapeli huwa hivi: ramli bure, kisha mshumaa wa dola 50, kisha "nimekuta jambo zito", dola 400, kisha kafara, kisha wewe ndiye uliyeharibu kazi kwa shaka zako, tuanze upya. Ukiona kila malipo yanazaa ugonjwa mpya, ujue dawa inafanya kazi upande wa pili.

Ushahidi anaokuonyesha nao unafaa kuchunguzwa, na hapa maarifa ya jikoni yanasaidia kuliko imani.

Mshumaa wa siku saba katika glasi hununuliwa dukani Marekani kwa dola chache. Glasi ikiwa nyeusi kwa masizi, utaambiwa adui anapigana. Mara nyingi utambi umerefuka tu. Ukipita takriban milimita 6 moto unakuwa mkubwa, hewa haitoshi ndani ya glasi, nta haiungui vizuri, masizi yanapanda. Upepo wa dirishani au wa feni nao hufanya hivyo hivyo. Wasomaji wazuri wa mishumaa hukata utambi na kuukinga moto dhidi ya upepo kwanza, ndipo wanasoma kilichobaki. Anayekutumia picha ya glasi nyeusi, muulize utambi ulikuwa na urefu gani. Swali hili huwakera ajabu.

Sarafu nayo. Desturi ya zamani ni kutoboa sarafu ya senti 10 ya madini ya fedha na kuivaa kifundoni; ikigeuka nyeusi, umekanyaga uchawi. Desturi hii naipenda, maana ina akili. Vumbi la goofer mara nyingi hutiwa salfa, na salfa hugeuza fedha kuwa nyeusi, kwa hiyo aliyemwagiwa vumbi njiani alikuwa na kipimo mguuni. Shida ni kwamba jasho, mpira na hata yai la kuchemsha vina salfa pia. Tena senti 10 za kawaida za Marekani tangu 1965 ni shaba na nikeli. Zile za kabla yake zilikuwa na fedha asilimia 90. Mtu akikuuzia sarafu ya juzi kama kipimo cha uchawi, hajui hata chombo chake.

Yai lililopasuliwa na kukutwa na damu? Doa la damu hutokea kuku anapopasuka mshipa mdogo yai likiundwa; muulize mfugaji yeyote. Yai lenye nywele au sindano ndani limetobolewa likazibwa, au limebadilishwa ulipofumba macho uombe. Maji yanayogeuka mekundu mikononi mwako, weka manjano kidogo kwenye maji ya magadi uone. Na pesa "chafu" zinazofungwa kitambaani ili zisafishwe, zikirudi zikiwa zimefungwa na wewe ukakatazwa kufungua kwa siku tisa, zimerudi karatasi tupu.

Biashara hii si ngeni. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni za Chicago na Memphis, nyingi zikimilikiwa na watu wasio wa jamii ile, ziliwauzia Weusi kwa posta mafuta ya bahati ambayo aghalabu yalikuwa rangi na manukato bila jani lolote ndani. Kwenye katalogi waliandika kwamba kitu hicho "kinasemekana" kuleta bahati, ili sheria ya utapeli wa posta isiwashike.

Wakati huo huo, Harry Middleton Hyatt, mkusanyaji wa mila za uganga huu aliyehoji watu zaidi ya 1,600, wengi kati ya 1936 na 1940, alikuta dawa nyingi mikononi mwa watu wa kawaida: chumvi, pilipili, siki, sindano, mstari wa Zaburi. Hirizi yenyewe ni kipande cha flaneli nyekundu chenye vitu vya idadi witiri, tatu, tano au saba, kikifungwa na kulishwa matone ya wiski au manukato mara kwa mara. Chupa moja inakaa miezi. Anayekwambia hirizi yako inakula dola 100 kila wiki, anayekula ni mwingine.

Kabla ya kumlipa yeyote, muulize mambo manne na umwache ajibu kwa maandishi: bei kamili, kazi itachukua siku ngapi, nitegemee ishara gani, na ni lini tutakubali imeshindikana. Wengi wa wafanyao kazi hii leo hutumia hesabu ya tatu: ishara ndani ya siku tatu, mwendo ndani ya wiki tatu, matokeo ndani ya miezi mitatu. Bila tarehe, kushindwa hakupo, na malipo hayaishi. Akikuambia uache insulini au vidonge vya presha ili dawa yake ifanye kazi, usiulize la pili, ondoka.

Kwa aliyekwisha kunaswa, kinachombana si pesa tena, ni hofu: "ana picha yangu, ana jina la mama yangu." Kukueleza kwamba hofu ni ya kijinga hakusaidii, mfa maji hukamata maji. Kwanza nyamaza. Usimtangazie tapeli kwamba unaondoka, maana atakutisha zaidi. Hifadhi picha za mazungumzo na risiti zote, piga simu benki au kampuni ya simu, badili nywila, mweleze mtu mmoja wa nyumbani.

Kisha oga, kwa njia ambayo desturi yenyewe imekupa. Kijiko kikubwa kimoja cha majani makavu ya hisopo kwenye lita moja ya maji yaliyochemka, dakika 15, chuja, ongeza chumvi kiganja kimoja, changanya na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Usinywe. Kabla ya jua kuchomoza jimwagie kuanzia kichwani kushuka miguuni, maana kinachoondolewa hushushwa, ukisoma Zaburi ya 51: "Unisafishe kwa hisopo nami nitakuwa safi." Usijifute, kauka kwa hewa. Nyumba ideki kuanzia nyuma kuelekea mlango wa mbele, kwa maji ya mchaichai au kijiko cha amonia kwenye ndoo. Usichanganye amonia na jiki hata kidogo, mvuke wake unaunguza mapafu, na watu wenye haraka ya kufukuza uchawi hufanya kosa hilo hasa.

Kikombe kimoja cha maji uliyoogea kipeleke njia panda, kimwage kuelekea mashariki, urudi bila kugeuka nyuma. Simu yake ikiita asubuhi hiyo, namba iwe imeshazuiwa.