Meli ya kitalii ikija na wanaoharisha, washuke Kilwa au wapite?

Juzi kijiweni Kilwa Masoko tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Meli ya kitalii ikitia nanga na ndani kuna watu wanatapika na kuharisha, abiria waruhusiwe kwenda Kisiwani kuangalia magofu au wakae humohumo mpaka waondoke? Wenye mashua wanasema wazima washuke, meli zenyewe haziji kila siku na ikija ndo ada ya mtoto inapatikana hapo. Kina mama wa Kisiwani wanaokunywa maji ya kisima hawataki kusikia, ati mgeni ataondoka na picha sisi tutabaki na tumbo.

Mi nawaelewa wote, ila wenye mashua hoja yao ina tobo. Huo ugonjwa wa melini mara nyingi ni norovairasi (jina limetokana na Norwalk, mji wa Marekani ambako wanafunzi waliumwa mwaka 1968), chembe chache sana zinatosha kumlaza mtu, na dalili zinaanza saa 12 mpaka 48 baada ya kuambukizwa, kwaio yule mzima aliyeshuka asubuhi anapiga picha msikitini jioni anaweza akawa anatapika, na hata akipona anaendelea kukitoa kirusi chooni wiki mbili na zaidi. Na sanitaiza ile ya kupaka haikiwezi vizuri, kinataka sabuni na maji yanayotiririka.

Lakini jamani tusizionee meli. Marekani wana mpango wa kukagua usafi wa meli tangu 1975, na meli inayotia nanga kwao ikifikisha asilimia 3 ya abiria au wafanyakazi wanaoumwa tumbo inatangazwa hadharani, ndo maana tunazisikia sana, wakati kwa hesabu zao wenyewe meli ni kama asilimia 1 tu ya milipuko ya norovairasi inayoripotiwa huko. Harusi zetu nani anahesabu? Bakuli moja la kunawia linazunguka jamvi zima, wa mwisho ananawa supu.

Kinachonitisha mimi ni kufichana. Mtu kalipa mamilioni, akisema anaharisha anafungiwa kabini, basi anameza vidonge anakausha, anaenda kwenye bafe anashika kijiko kilekile mnachoshika wote. Si ndo vilevile kwetu kipindupindu kikiingia, mgonjwa anafichwa ndani kwa kuogopa kambi? Sasa tukisema meli yenye mgonjwa hata mmoja isishushe mtu, yule nahodha anayejaza tamko la afya kwa ajili ya afisa afya wa bandari tumempa sababu nzuri kabisa ya kuandika sifuri, halafu watashuka wote, wagonjwa kwa wazima, na sisi hatuna habari.

Kwaio mi nasema wenye dalili na wanaolala nao kabini wabaki, wengine washuke kwa masharti, wasile na watu, kila mashua iwe na ndoo ya bomba na sabuni.

Bi mkubwa mmoja akaniuliza, na choo watatumia cha nani? Nikamwambia cha melini, aliyebanwa arudishwe. Wenye mashua wakaguna, wakaanza kupiga hesabu ya petroli.