Mnataka Fundi, Nani Amfunze?

Juzi mkandarasi mmoja alikaa redioni hapa Kisumu akilia kwamba vijana wa huku hawana ujuzi, ndiyo maana anabeba wachomeleaji kutoka Nairobi. Mtangazaji akaitikia tu. Nilitaka kupiga simu, salio likanikatalia.

Kwani huyo fundi wa Nairobi alizaliwa ameshika weldingi? Kuna mtu alimvumilia akiharibu vyuma. Huku nani anakubali hasara hiyo? Mpwa wangu alipofika wakati wa atachi, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi wa chuo, alizunguka na barua ya chuo hadi mtaa wa Obunga (pale angalau alipata mgongo wazi, ile mifupa ya samaki, wa mchana). Kampuni iliyomkubali ikampa kazi ya kuchemsha chai, kufagia na kutumwa soda. Muhula ulipoisha, msimamizi alijaza kitabu chake chote cha kumbukumbu za atachi kwa kikao kimoja, ukurasa baada ya ukurasa: amejifunza kuchomelea. Mwakani mwajiri mwingine atakiona kitabu hicho, ampe kijana mashine, kisha aseme chuo hakifundishi!

Vyuo navyo vina makosa, sikatai. Darasa zima linapangia mashine moja foleni kama ya Huduma Centre. Na kuna vijana wanaofika kazini saa nne, masikio yamezibwa na muziki. Haya. Lakini mfumo wa CBET, ule wa kumpima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya, unataka mafunzo ya kazini, na chuo hakiwezi kusimamisha ghorofa ndani ya karakana ili wanafunzi wajaribie.

Waajiri wanalipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wengine wakaona wamemaliza. Shilingi 50! Nauli yangu ya kwenda Kondele na kurudi inaishinda.



Na msiniambie huku haiwezekani. Uhuru II, meli ya mita 100, imeundwa hapa hapa kando ya ziwa.

Kaunti ikitoa tenda ya soko, mkataba utaje wanafunzi wangapi watakuwa saiti na ni fundi gani atawasimamia. Mkaguzi awakute wameshika vifaa, si ufagio. Mkandarasi asipowaonyesha, malipo yasubiri. Na chai ajipikie.